Sauti ya Hamisi Kabla ya Bisibisi

Tangu nirudishe funguo za studio sijui mikono niiweke wapi. Asubuhi naamka, nawasha redio, na kabla sijanawa uso nimeshaanza kugomba: sauti ya mtangazaji iko chini, muziki uko juu, mtu kasahau kufunga maiki ya pili na anasikika akitafuna karanga. Mume wangu alinishauri nifuge kuku. Nimefuga, na sasa nakaa bandani nikisikiliza jogoo yupi sauti yake inapasuka. Basi nimeona heri niwaandikie nyie wanangu mliobaki pale studio Mikumi, maana kila mara mnaniuliza kwa nini wimbo wa Brashi uliomo kwenye kompyuta yenu unakwenda mwendo ule, na kila mmoja wenu ana hadithi yake. Hadithi zenu tamu kuliko ukweli, lakini mimi nilikuwepo.

Sikuanzia redioni. Nilianzia kwenye duka la kurekodi kanda, Magomeni, Kilosa mjini, nikiwa msichana aliyemaliza darasa la saba na ambaye nyumbani walikuwa wameanza kumtafutia mchumba. Duka lilikuwa la Mzee Kibwana, mtu mfupi, mkali, aliyeweza kukwambia mkanda umekunjika kwa kusikia tu kutoka barabarani. Siku ya kwanza nilidhani nitabonyeza vitufe. Akanipa pamba na spiriti, akanionyesha jinsi ya kusafisha kichwa cha mashine, kile kinachosoma mkanda, na nikafanya hivyo mpaka adhuhuri. Nilipomwuliza lini nitarekodi, akasema, "Wewe bado unanuka haraka." Jioni nilirudi nyumbani vidole vimekauka kama magome, na kesho yake nikawa wa kwanza kufika.

Alinifundisha kazi kwa mdomo mbaya na mkono mzuri. Kanda hurudishwa nyuma kwa penseli ili mota isichoke. Wimbo husikilizwa wote kabla ya kurekodiwa, hata kama unauchukia. Mteja akiimba wimbo asioujua jina, humcheki mbele yake. Unatafuta, ukiupata unacheka naye. Walikuja wafugaji kutoka kanda ya ziwa, redio imefungwa kwenye baiskeli kwa mpira, wakitaka nyimbo za kwao. Walikuja wasimamizi wa harusi wakitaka taarabu. Na wote Mzee Kibwana aliwasalimu kwa adabu ileile kisha akawagombeza.

Kitu kimoja hakuniruhusu kukigusa, nacho ni bisibisi yake ndogo, aliyoichomeka mfuko wa shati. Nyuma ya mota ya kila mashine kuna tundu, ndani ya tundu kuna skrubu, na ukiikaza kidogo mashine hukimbia na sauti hupanda. Kazi yake ilikuwa hii: kanda za dakika sitini zina upande wa dakika thelathini, lakini wanamuziki hawakuwa wakipiga kwa kufuata kanda zetu. Nyimbo zikizidi upande, una mawili. Ama uukate wimbo wa mwisho katikati, na mteja arudi na ndugu zake, ama ukaze skrubu ya mashine inayopiga, nyimbo zikimbie kidogo, zote ziingie. Mafundi wote wa Kilosa walifanya hivyo, na nadhani wa Morogoro pia, ila wao walijiona wasomi hawakusema.

Sasa Brashi. Bendi ya Brashi ilikuwa ya vijana wa mashamba ya mkonge, na jina walilitoa kwenye chumba cha kiwandani ambamo singa, nyuzi za mkonge, hupigwa brashi. Salehe alipiga gitaa la solo. Mdogo wake, Hamisi, aliimba. Mtindo wao waliuita Kokota, na haukuwa utani, walikokota kwelikweli. Magitaa matatu yalizungumza kwa zamu, hakuna lililomkatisha mwenzake, na Hamisi aliimba akiwa amesimama wima kama mtu anayepimwa nguo. Niliwaona mara moja, ukumbini. Vijana walikaa wakila chipsi. Waliosimama kucheza ni wazee wachache na wake zao, na mlevi mmoja nyuma akapiga kelele, "Wekeni udongo tuondoke!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka, ila sikucheza pia, maana viatu vilikuwa vya kuazima.

Walikwenda Dar es Salaam mara moja tu kurekodi, wakarudi na kanda moja ya nyimbo sita. Haukupita muda Hamisi akaugua, akafa. Bendi ikasambaratika kama inavyosambaratika bendi yoyote iliyofiwa na mwimbaji. Salehe akaleta ile kanda dukani kwetu kabla ya kuhamia Kisanga kulima. Nilikuwa kaunta. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Rekodini kwa yeyote atakayeomba," alisema. "Sitaki kitu. Nataka asikike tu."

Zile nyimbo sita zilizidi upande. Mzee Kibwana akatoa bisibisi. Tuliposikiliza kopi ya kwanza nikamwambia, "Mzee, Hamisi amekuwa mtoto." Akanijibu bila kugeuka, "Afadhali mtoto mzima kuliko mtu mzima aliyekatwa mguu." Ndivyo kazi ilivyokuwa. Hakuna aliyedhani tunafanya jambo la kudumu.

Kumbe ndiyo kwanza Brashi inazaliwa. Kopi yetu ilifika Ruhembe kwa wakata miwa, na fundi wa kule akarekodi kutoka kwenye kopi, naye akakaza skrubu yake ili apenyeze wimbo wa ziada. Kopi ya kopi ikafika Mikumi mjini, kwa madereva wa malori wanaolala pale, na fundi wa pale akagundua kwamba ukikaza zaidi kidogo watu wanainuka vitini. Akakaza. Malori yakaipeleka Iringa, Mbeya na mbele zaidi. Magitaa yaliyokuwa yakizungumza kwa zamu yakawa yanachekeana. Muziki uliowaketisha watu ukumbini ukawa unawatoa jasho. Na Hamisi, ambaye sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo lakini ya mwanamume, akawa anasikika kama msichana aliyeamka na furaha.

Watu hawakusema "yule mwimbaji". Walisema "yule dada".

Salehe hakujua. Shambani Kisanga hakuwa na mashine. Alikuja dukani miaka kadhaa baadaye kuchukua kanda yake, na hapo ikanibidi mimi ndiye nimweleze kwamba maji ya mto Mkondoa yalipoingia Magomeni yaliondoka na rafu nzima ya chini, kanda yake ikiwemo. Kisha akaomba asikilize kopi yoyote iliyopo, nikampigia tuliyonayo, iliyokuwa imerudi kwetu kutoka Mikumi. Alisikiliza ubeti wa kwanza wote.

"Huyu nani?" aliuliza.

Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Aliondoka bila kuaga, na Mzee Kibwana, ambaye hakuwahi kukosa neno, siku hiyo alifunga duka mapema akasema anaumwa kichwa.

Kanda zilipokufa nikahamia redioni Mikumi kama fundi mitambo. Nyie mmekuta viyoyozi. Sisi tulikuwa na feni lililolia kuliko mtangazaji, na kila lori lililoteremka barabara kuu likipiga breki tulisimamisha kurekodi mpaka lipite. Nyani walijifunza saa za chai yetu. Tembo akisukuma nguzo ya umeme kule hifadhini tulikuwa tunakaa gizani tukisubiri shirika, na msikilizaji akipiga simu kuuliza mbona kimya, tulimwambia ukweli na hakuamini. Nilizipenda siku zile. Leo nakaa bandani na jogoo.

Tangu kipindi cha kwanza cha zilipendwa, wasikilizaji waliomba yule dada wa Brashi. Ndipo nilipoona jinsi watu wanavyojaza nafasi iliyo tupu. Mmoja alisema alikuwa binti wa mnyapara aliyetoroka na mpiga besi. Mwingine aliapa kwamba alisoma naye. Vijana wa Morogoro wakaunda bendi wakapiga Kokota kwa kasi ile ile ya kanda, vidole vinakimbia mpaka unaogopa vitaumia, na walishangaa kwa nini mtindo wa mbio uliitwa hivyo. Wakaja wanafunzi wa chuo kutoka Dar es Salaam, wenye adabu na vinasa sauti vizuri, wanaandika kuhusu wanawake katika muziki wa dansi. Nikawaambia hakuwepo mwanamke. Waliandika hilo kama maoni yangu.

Kisha zikatoka fulana. Mtu asiyejulikana alimchora dada: nywele zimejaa kama kichuguu, hereni kubwa, gitaa mkononi ingawa hata kwenye hadithi zao hakupiga gitaa. Chini wakaandika BRASHI. Kwa kweli ilikuwa fulana nzuri. Mnanifahamu, nisingesema.

Mzee Salehe aliiona stendi ya Mikumi, imevaliwa na kijana wa bodaboda. Alikuwa amekuja kutibiwa masikio. Akamwuliza yule kijana huyo ni nani.

"Huyu ndo Dada Brashi, mzee, lejendi huyu! Alifariki zamani, ila ngoma zake bado kali."

Alikuja moja kwa moja studio, kwa miguu, na bakora. Nilimtambua kabla hajavua kofia.

"Shikamoo mzee Salehe."

"Marahaba. Wewe si yule binti wa Kibwana?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe sikio la kushoto limeshafunga duka, na la kulia daktari hanipi matumaini. Mama yangu alizaa watoto wa kiume wawili. Sasa mmoja mmemfanya mwanamke na kumvika hereni. Nikifa mimi, nani atasema Hamisi alikuwepo? Mrudishe. Mrudishe mimi bado nasikia."

Mwezi uliofuata nilikuwa nastaafu. Ningeweza kumwambia aje aonane na nyie. Lakini nilikumbuka ile kanda ilivyowekwa mezani kwa mikono miwili, na nikaona aibu na hasira pamoja, hasira nisiyojua nimwelekezee nani, maana mafundi wote watatu walishakufa. Nikamwambia aketi.

Kompyuta inaweza kupunguza mwendo, mnajua, hata mtoto anaweza. Tatizo si kupunguza, tatizo ni wapi pa kusimama. Bisibisi tatu zilipita pale na hakuna aliyepima. Nikamwuliza Mzee Salehe gitaa lake alilityuni kwa kufuata nini, nipate pa kushika. Akasema, "Solo lilifuata besi, na besi ilimfuata Mungu." Kwa hiyo hapakuwa na kipimo duniani isipokuwa kumbukumbu yake.

Tukaanza. Nikapunguza kidogo, anatikisa kichwa. Nikapunguza tena. "Bado mtoto." Tena. "Karibu." Tena. "Umepita, rudi." Nikarudi, akasema si hapo pia. Mchana wote tulikwenda mbele na nyuma kama watu wanaoegesha lori uchochoroni. Mwisho akaweka viganja usoni.

"Nimemsahau, binti," alisema. "Nimeisikia ile ya haraka kila mahali, kwenye mabasi, kwenye harusi, mpaka imemfuta yule wangu. Namwona akiimba, mdomo unafunguka, sauti haitoki."

Katika kazi hii nimeona watu wakilia studio, wengine kwa kupenda kujisikia. Huyu hakulia, na ilikuwa vigumu zaidi kumtazama. Akapiga bakora sakafuni, akachagua mahali kwa nguvu tu, pazito, akasema huyo ndiye. Nilijua si huyo. Nikapiga hewani jioni ile, na jina la Hamisi likatajwa.

Meseji mlizisoma wenyewe. "Betri zenu zimeisha?" "Huyo jamaa nani, rudisheni dada yetu." "Mama fundi, astaafu salama, lakini asituharibie." Hizo ndizo za heshima. Haraka haraka haina baraka, lakini kumbe ina mashabiki.

Kesho yake alikuja mwanamke mzee kutoka Ruhembe, amejifunga khanga mbili, kimya, amekaa kwenye benchi la nje mpaka nilipomaliza kazi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, miaka yote mlikuwa mnapiga mtoto. Jana mkapiga mlevi. Wote wawili si mume wangu."

Huyo ndiye Bi Tausi, mjane wa Hamisi. Alikuwa ameolewa tena baada ya eda, huko Ruhembe, na kwa kina Salehe tangu siku hiyo jina lake likawa halitajwi. Ndiyo maana Mzee Salehe hakunieleza kwamba yuko mtu mwingine hai aliyeijua sauti ile. Nikamwuliza kama anaikumbuka vizuri. Akasema ile kanda hakuwahi kuisikiliza. Redio ikianza Brashi alikuwa anatoka nje, au anaizima, na watoto wake walimwona mama mwenye roho mbaya. "Ya kwenye kanda siijui," alisema. "Naijua ya nyumbani."

Nikampigia simu Mzee Salehe. Sikumwambia nani yupo, maana asingekuja.

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hamkuwa chumbani, na najua hadi leo mnaletewa meseji za kutaka mwendo uongezwe, na kwamba vidole vinawawasha.

Mzee Salehe alipoingia akamkuta, alisimama mlangoni. Bi Tausi akainuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo shemeji." Mimi nikajifanya natafuta waya. Kisha nikasikia, "Marahaba," na kiti kikavutwa. Alikaa mbali naye.

Bi Tausi hakutaka kutazama spika. Aligeuza kiti chake kikaelekea dirishani, ambako nyani walikuwa wanapekua pipa letu. Nikaanza na ile nzito ya jana, nikawa naipandisha kidogo kidogo bila kusema kitu. Wimbo ulikuwa ule wa mwisho wa kanda, uliosababisha nyimbo zote zizidi upande. Alisikiliza bila kugeuka. Hapana. Hapana. Lori likapita, tukasubiri. Hapana. Nikaongeza unywele mmoja, mkono nikauacha kwenye kipanya.

Mnajua desturi ya bendi zetu: gitaa la solo likianza kuchemka, mwimbaji huacha kuimba akaita majina, ya wapigaji, ya marafiki, ya yeyote anayempenda ukumbini. Kwenye kanda ya mbio sehemu ile ilipita kama vifijo, sijawahi kuisikiliza neno kwa neno. Sasa ilipita taratibu. Hamisi akamwita mpiga besi. Akamwita kaka yake, Salehe. Gitaa likajibu. Kisha, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, akaita, "Tausi!"

"Abee," alisema yule mama.

Hakuigiza. Alikuwa bado anatazama nyani. Aliitika kama mwanamke aliye jikoni akiitwa kutoka chumbani, mkono unafuta maji kwenye khanga, mguu tayari umesogea. Ni pale alipoona sote tumemgeukia ndipo alipojua amesema nini, na mkono wake ukabaki hapohapo kwenye khanga.

Mzee Salehe alivua kofia. Wimbo uliendelea hadi mwisho, gitaa lake la ujana likikokota chumba kizima, na hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha alivuta kiti chake, mguu baada ya mguu wa kiti ukikwaruza sakafu, mpaka kikafika karibu na cha shemeji yake.

"Binti," aliniambia, "toa mkono hapo."

Nikautoa.